Bilauri ya Maji Saa Nane Mchana

Ramadhani ile ilinikuta na mimba ya miezi saba. Nilifunga. Hakuna aliyenilazimisha, mume wangu aliniambia mara mbili niache, nikamjibu kwamba tangu nibalehe sijala mchana wa Ramadhani ila nikiwa hedhini. Ujauzito sikuuhesabu kuwa udhuru. Nilijiona mzima.

Siku ya kumi na moja, baada ya adhuhuri, kichwa kikawa kinagonga na mkojo una rangi ya chai. Hayo niliyastahimili. Kilichonitisha ni mtoto. Alizoea kucheza nikilalia ubavu. Siku ile nilijilaza, nikangoja, nikangoja tena. Kimya.

Mkunga aliyenipokea kliniki alikuwa amefunga na yeye. Alianza kwa kusikiliza moyo wa mtoto (ulikuwa ukipiga vizuri, alhamdulillahi), kisha akanipima wingi wa damu: 9.4, naye alitaka ufike angalau 11. Akauliza vidonge vya madini ya chuma navimeza saa ngapi.

"Wakati wa daku, na chai."

Akasikitika. Chai huyazuia madini hayo yasiingie vizuri mwilini. Nilikuwa nikimeza dawa na kuipoteza papo hapo, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Akamimina maji. "Kunywa, dada yangu. Ruhusa hii hukupewa na mimi."

Nililia kabla ya kunywa na baada ya kunywa, mbele ya mwanamke ambaye midomo yake mwenyewe ilikuwa imekauka kwa saumu. Hakunihimiza. Alikaa nami, mkono wake juu ya tumbo langu, mpaka teke la kwanza likaja. Tulilisikia sote wawili.

Kuanzia hapo nilikula mchana: mayai, maharage, mboga za majani, chungwa pamoja na kidonge, chai baadaye sana. Shehe alitufafanulia kuwa kwa madhehebu ya Shafi, mjamzito aliyejihofia mwenyewe hulipa siku zake tu. Aliyemhofia mtoto peke yake hulipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mimi nilimhofia mtoto. Mwezi ulikwisha kwa siku 29, nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki: 19.

Vibaba tulivitoa mapema. Siku nilizilipa baada ya kumwachisha ziwa, Jumatatu na Alhamisi, nikikata namba moja moja kwenye kadi ile. Nilipoikata ya mwisho alikuwa anakimbia nyumba nzima.