Samaki anayelinda mayai gizani, chini ya barafu

Wiki nzima hii picha imekataa kunitoka kichwani. Samaki mmoja katulia kwenye kishimo cha duara, giza tupu, zaidi ya mita 400 chini kwenye Bahari ya Weddell huko Antaktika, ncha ya kusini ya dunia, juu barafu, na yeye kazi yake ni kulinda mayai tu. Pembeni yake kiota kingine, halafu kingine, halafu kingine.

Ilikuwa Februari 2021, meli ya utafiti ya Ujerumani inaitwa Polarstern ilikuwa inavuta kamera juujuu ya sakafu ya bahari, wakaanza kuona viota, wakaendelea kuvuta na viota haviishi. Walipokuja kupiga hesabu makadirio yakafika kama viota milioni 60 kwenye eneo la kilomita za mraba 240 hivi! Kila kimoja upana kama sentimita 75, ndani mayai zaidi ya 1,700 kwa wastani, na mara nyingi mzazi mmoja kakaa hapo hapo.

Sasa kwa nini pale na sio kwingine? Maji yanayopita sehemu ile yana joto kidogo kuliko ya jirani, tofauti inafika digrii 2 hivi. Digrii 2 tu jamani, na mamilioni ya samaki wamejazana.

Na hawa ni samaki-barafu, damu yao haina rangi kabisa kwa sababu haina himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu, ila maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi na moyo wao ni mkubwa, basi wanaishi vizuri tu. Maji ya bahari kule yanashuka mpaka karibu digrii -1.9 za Selsiasi, samaki wengi wa kwingine wangeganda hapo, ila hawa wana protini kwenye damu inayojishika kwenye chembe za barafu zisikue, kitu alichokifumbua mwanasayansi Arthur DeVries miaka ya 1960. Alafu ukoo wao mzima hauna kibofu cha hewa, kile kinachowasaidia samaki wengi kuelea. Wapo wachache waliojaza mafuta mwilini na kupunguza uzito wa mifupa wakaweza kuelea, ila wengi ni wazito, wanalala chini, wanasubiri chakula kipite, na mi naona hapo hakuna uvivu wowote, ni kubana matumizi ya nguvu mahali ambapo chakula hakiji kila siku.

Kinachoniuma ni upande wa pili wa dunia. Bahari ya Barents, huko Aktiki, ncha ya kaskazini, nako kuna samaki wadogo wa chini, wengine wembamba kama mikunga, wengine vichwa vikubwa na miiba, wanakula minyoo na vijidudu vya kwenye tope. Maji yamepata joto, samaki wakubwa wa kusini wanapanda kaskazini kwa kasi, wanawala hawa wadogo na kugombania nao chakula, na hawa wadogo wanazidi kusukumwa kaskazini wakati huko mbele sakafu inaporomoka ghafla kwenye kilindi cha maelfu ya mita, sio mahali pa samaki aliyezoea maji mafupi. Yaani joto dogo kama lile lile ambalo kule Weddell limewakusanya wazazi mamilioni, huku linawafukuza wenyeji kwao.

Pale Weddell kwenyewe ndani na pembeni ya baadhi ya viota walikuta samaki wamekufa. Jirani wa aliyekufa yuko hatua moja tu, bado kakaa juu ya mayai.