Siku moja maishani mwangu: valvu inayokwama

Saa 12:00 asubuhi. Kazi yangu chuoni ni kufundisha uhandisi wa udhibiti na kutafiti namna ya kugundua hitilafu za mitambo kabla hazijasimamisha uzalishaji, kwa hiyo siku huanza kwa kufungua data za zamu ya usiku kutoka kiwanda cha sukari tunachoshirikiana nacho. Leo joto la juisi ya miwa, linalotakiwa kukaa karibu na nyuzi 105 za Selsiasi, limepanda na kushuka kwa mpigo ule ule usiku kucha. Hakuna kengele iliyolia, kwa kuwa halikuvuka mpaka wowote.

Saa 2:00. Darasa la mwaka wa tatu. Hesabu za uthabiti zimesubiri, kwa sababu nusu ya kipindi imeishia kwenye mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, wa tarehe 24 Julai 1994. Valvu moja ilikuwa imefunga huku mfumo wa udhibiti ukionyesha kuwa iko wazi, na katika dakika 11 za mwisho waendesha mitambo wawili walimiminiwa kengele 275. Mwanafunzi mmoja ameuliza kwa nini hawakuzisoma. Nimemwambia agawanye mwenyewe: ni chini ya sekunde tatu kwa kila kengele, na hapo hujanyanyua simu.

Saa 4:30. Mwanafunzi wangu wa uzamivu ameleta matokeo. Anatumia mtambo wa kemikali wa kuigiza kwenye kompyuta uliotolewa na Downs na Vogel mwaka 1993, wenye vipimo 41 na hitilafu 20 ambazo watafiti wengi hushindana kuzigundua. Jedwali lake linaonyesha kuwa hitilafu namba 15 inagunduliwa karibu kila mara. Hiyo ni kukwama kwa valvu ya maji ya kupozea kondensa, chombo kinachogeuza mvuke kuwa kimiminika, na pamoja na namba 3 na namba 9 imewatoa wengi jasho, kwa sababu athari yake haijitokezi kwa urahisi kwenye vipimo.

"Na mtambo ukiwa mzima, kengele za uongo ni ngapi?"

"Hizo sijaziweka kwenye jedwali, Profesa."

Azihesabu kwanza. Kigunduzi kinacholia muda wote hakiwezi kukosa hitilafu yoyote.

Saa 7:00 mchana. Nimempigia mhandisi wa zamu kule kiwandani na, baada ya shikamoo na marahaba, nimemwomba atoe kidhibiti cha mvuke unaopasha juisi moto kwenye uendeshaji wa kiotomatiki kwa robo saa. Mtikisiko ukiendelea, chanzo kiko kwingine, pengine kwenye boila inayozalisha mvuke. Ukikoma, umezaliwa humo humo. Umekoma. Kwenye grafu, amri ya kidhibiti ilikuwa ikipanda polepole na kushuka polepole kama meno ya msumeno, ilhali mvuke wenyewe ulitulia, kisha ukaruka ghafla. Ndivyo inavyokuwa ufito wa valvu, ile fimbo inayoifungua na kuifunga, ukibanwa: kidhibiti kinaona pengo kati ya kipimo kilichopo na kinachotakiwa, kinalilimbikiza na kuzidi kusukuma, ufito haujongei, halafu unachomoka na kupita pale ulipohitajika, na kidhibiti kinaanza kusukuma upande wa pili. Mhandisi amewauliza mafundi, nao wamesema kuwa juma lililopita walikaza pakingi, kiziba kinachouzunguka ufito, kwa sababu mvuke ulikuwa unavuja. Baada ya hapo mtu alipunguza nguvu ya kidhibiti, hatua inayofanya mzunguko uwe wa polepole bila kuuondoa.

Saa 10:00 jioni. Kikao cha idara kuhusu ratiba ya mitihani.

Saa 1:00 usiku. Nimewaandikia kiwandani mambo mawili. Kwanza, pakingi ibadilishwe mtambo utakaposimama, na hadi hapo mipangilio ya kidhibiti isiguswe. Pili, kompyuta yao ya kumbukumbu huhifadhi wastani wa kila dakika, na mzunguko unaochukua zaidi kidogo ya dakika moja karibu unafutika wote ndani ya wastani huo. Tumeuona kwa sababu tu vifaa vya mradi wetu hurekodi kila sekunde. Nimeomba valvu zote za boila zirekodiwe vivyo hivyo, tukianza na ile ya maji yanayoingia, kwa kuwa ikikwama hiyo hatutakuwa tunazungumzia juisi.