Mrututu wa kijiko kimoja: nilivyojitengenezea Benedict na Biuret

Nimechoka kuambiwa kwamba majaribio ya chakula hayafundishiki mpaka shule iagize vitendanishi vya chupa. Mrututu si upo? Ule ule wa buluu ambao wakulima wa kahawa huuchanganya na chokaa na kupulizia dhidi ya kutu ya majani ni salfeti ya shaba. Kutoka pakiti moja ya duka la pembejeo nimetoa Benedict (kitendanishi cha kupima sukari) na Biuret (cha kupima protini) za mikondo miwili, na mrututu ukabaki. Gharama yote, ukijumlisha asidi sitriki ya wauza juisi, baking soda na kostiki soda kidogo ya watengeneza sabuni, haikufika bei ya jogoo wa kienyeji.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ya akiba hiyo ni kwamba shaba ile ile hufanya kazi mbili tofauti kabisa. Kwenye Benedict inapokonya elektroni. Kwenye Biuret haipokonyi kitu, inashikwa tu. Mwanafunzi akiona tofauti hiyo kwa macho, nusu ya kemia anayoihitaji kwenye biolojia ameshaipata.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: "Koroga mrututu na baking soda, hiyo ndiyo Benedict." Siyo. Nilikoroga. Likatoka povu, kisha uji wa samawati uliogoma kuyeyuka hata kwa kutikisa mpaka mkono uume. Huo ni mchanganyiko wa kaboneti na haidroksaidi ya shaba. Ukiuchemsha unaanza kuwa mweusi, kwa sababu haidroksaidi ya shaba ikipata joto hupoteza maji na kuwa oksaidi nyeusi. Weusi huo hauna uhusiano wowote na sukari, lakini mwanafunzi ataandika "rangi imebadilika" na wewe utakosa la kumjibu.

Kinachokosekana hapo ni sitreti, ile itokanayo na asidi sitriki. Molekuli ya sitreti ina vikundi vitatu vya kaboksili vyenye chaji hasi, na kwa vikundi hivyo inaibana ioni ya shaba (chembe ya shaba yenye chaji) isiangukie chini hata myeyusho ukiwa alkali. Usimfundishe mwanafunzi kwamba ni "kemikali ya kusaidia" halafu ukapita. Mfuko wa damu ya kuchangia una sitreti ya sodiamu ndani yake kwa sababu hiyo hiyo: inabana kalsiamu, na damu isiyo na kalsiamu huru haigandi.

Kosa la pili lilinichukua muda zaidi kulikamata, maana safari hii, baada ya kutia asidi sitriki, myeyusho ulitoka mzuri, buluu angavu, unapendeza kuliko wa dukani. Nikaweka glukosi ya duka la dawa, nikachemsha dakika tano, ukabaki buluu vile vile kama unanicheka. Tatizo lilikuwa baking soda. Bikaboneti ya sodiamu, yaani baking soda yenyewe, ni alkali dhaifu, pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) ni kama 8.3, na Benedict inataka zaidi ya 10. Tofauti ya namba mbili inaonekana ndogo kwa asiyejua kwamba kila hatua moja ya pH ni mara 10, kwa hiyo hatua mbili ni mara 100. (Ndiyo sababu damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45 tu. Ikishuka hadi 7.0 unasikia "nukta nne", kumbe ioni za haidrojeni zimeongezeka mara mbili na nusu.) Bila alkali ya kutosha, pete ya glukosi haifunguki kwa kasi wala haitoi elektroni zake kwa urahisi.

Kinachotakiwa ni kaboneti, siyo bikaboneti. Wanaouza soda ash kwa watengeneza sabuni wanayo, na ukiipata ruka aya hii. Mimi niliikaanga baking soda. Ndiyo, kukaanga. Chukua gramu 100, tandaza kwenye sufuria ya chuma au bakuli la enameli, unene usizidi sentimita moja, weka juu ya jiko la mkaa lililokolea. Usitumie sufuria ya alumini: unga huu ukipata unyevu huila alumini, na utakuwa umeharibu sufuria ya mtu. Baada ya muda unga utaanza kucheza, unatokota kama uji ingawa ni mkavu kabisa. Hiyo ni kaboni dioksaidi na mvuke vinatoka katikati ya chembe. Usifunike, maana mvuke ukirudi ndani kazi inachelewa. Koroga, baada ya kama dakika 45 pima, rudisha motoni, pima tena. Ukipata uzito ule ule mara mbili, umeiva.

Uzito huo lazima ukaribie gramu 63. Ukipata 71, bado ni mbichi. Mizani ya mfukoni ya elektroniki ndiyo itakwambia, macho hayawezi kwa sababu unga ni mweupe mwanzo hadi mwisho. Hesabu yake: molekuli mbili za bikaboneti zina uzito wa 168, zinaondokewa na maji 18 na kaboni dioksaidi 44, inabaki kaboneti 106. Gawanya 106 kwa 168 unapata 0.63. Nimewahi kumaliza kipindi kizima kwenye namba hiyo tu, na sijutii.

Hila ninayojivunia ni kwamba si lazima uikaange yote. Sehemu kubwa ya alkali inakufa kwa kuua ukali wa asidi sitriki, na kazi hiyo bikaboneti mbichi inaiweza. Kwa nusu lita ya Benedict ninatumia asidi sitriki gramu 57 (kama pakiti imeandikwa monohaidreti, yaani ina maji ndani ya chembe zake, weka 62), baking soda mbichi gramu 74, kaboneti iliyokaangwa gramu 50 na mrututu gramu 8.7. Yeyusha asidi kwenye maji kama mililita 300 ndani ya chombo kikubwa, walau lita mbili, kisha weka baking soda mbichi kijiko kwa kijiko. Povu litapanda hasa. Aliyemimina yote kwa mpigo atafuta meza. Povu likitulia, pasha moto mpaka lisitoke tena, ndipo uweke iliyokaangwa. Mrututu uyeyushe peke yake kwenye mililita 100 na uumimine mwisho, taratibu, huku unakoroga. Jaza maji mpaka nusu lita. Ukibakiwa na uvundevunde, chuja kwa kitambaa au pamba.

Magadi ya kupikia maharage nayo nilishauriwa. Yana kaboneti na bikaboneti pamoja, lakini pia chumvi na udongo, na huwezi kujua kila kimoja ni kiasi gani. Yaache yaende kwenye makande.

Jaribio lenyewe: mililita 2 za sampuli, mililita 2 za Benedict, neli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, dakika 3 hadi 5. Usishike neli juu ya moto wa moja kwa moja, itaruka usoni. Buluu inakwenda kijani, njano, chungwa, hadi rangi ya tofali kadiri sukari inavyokuwa nyingi. Kile chekundu kinachotua chini ni oksaidi ya shaba yenye chaji moja, Cu₂O: kila ioni ya shaba iliyokuwa na chaji mbili imechukua elektroni moja kutoka kwenye sukari. Hapo huwa nasimama. Kimeng'enya cha mwisho kwenye mnyororo wa upumuaji ndani ya mitokondria, kile kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni, nacho kina shaba inayobadilika hivyo hivyo, chaji mbili, moja, mbili, moja. Elektroni zinazopitia humo nyingi zilitoka kwenye glukosi.

Sasa mitego. Sukari ya mezani ni sukrosi na itabaki buluu. Atakayekwambia uitumie kuonyesha jibu la ndiyo hajawahi kulifanya jaribio. Sukari guru itakudanganya upande wa pili, kwa kuwa ina glukosi na fruktosi zilizokwisha kuachana. Ukitaka sukrosi iitike, ichemshe kwanza na asidi ya haidrokloriki nyepesi dakika chache, kisha UUE ASIDI kwa baking soda mpaka povu likome, ndipo uweke Benedict. Wanaoruka hatua hiyo ndio wale wale wanaolalamika kwamba kitendanishi kimeharibika. Juisi ya machungwa ina glukosi na fruktosi zake, lakini vitamini C nayo hupokonywa elektroni, kwa hiyo usijenge hoja yoyote ya kiasi juu yake. Na ute wa yai una glukosi kidogo. Ukiona ukijani, usishangae.

Biuret ni nyepesi, ila inaadhibu mkono mzito. Kostiki soda gramu 4, jaza maji hadi mililita 100. Unga uingie kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya unga, kwa sababu joto lake linaweza kurusha matone usoni, na macho hayana akiba. Chupa iwe ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza: ikikaa wazi hula kaboni dioksaidi ya hewani na kugeuka kaboneti. Mrututu gramu 1 kwa mililita 100, chupa yake peke yake. Ute wa yai moja, maji ya baridi mililita 150, chumvi kidogo, koroga, chuja. Sampuli mililita 2, kostiki mililita 2, tikisa, halafu mrututu TONE MOJA. Tikisa. Tone la pili, la tatu, basi. Hakuna kuchemsha.

Zambarau itakuja, kwa sababu naitrojeni za vifungo vya peptidi zimeikamata shaba pembe nne. Asidi amino moja-moja hazitoi rangi hiyo. Panatakiwa walau vifungo viwili vya peptidi. Mwanafunzi aliyemimina mrututu kama anamwagilia mchicha atapata uji wa buluu wa haidroksaidi ya shaba unaofunika zambarau yote, na ataapa kwamba yai halina protini.

Iodini kwa wanga sina la kusema, kila mtu anaijua, isipokuwa sampuli iwe imepoa. Iodini inakaa ndani ya mzunguko wa amilosi (mnyororo wa wanga uliojisokota), na ukipasha moto inatoka na rangi inapotea.

Mabaki usimwage mtaroni. Shaba inaua samaki, na konokono pia, ndiyo maana zamani mrututu uliwahi kutumika dhidi ya konokono wa kichocho. Mimi huyakusanya kwenye ndoo ya plastiki, ninayatia asidi sitriki mpaka povu likome na yawe machachu, kisha natumbukiza misumari mikuukuu au sifongo ya chuma ya kusugulia masufuria. Chuma kinatoa elektroni, shaba inazichukua, na buluu inafifia siku hadi siku. Misumari hutoka imevaa koti la shaba, na wanafunzi hugombania kuichukua.