Solo ya kitenge cha kanga

Jumapili, usiku

Leo nimeivaa sketi yangu ya solo. Naanza na hilo kwa sababu wiki mbili zilizopita, ilipokuwa imetandazwa sakafuni na tundu lake la ajabu katikati, nilikuwa nawaza kuigeuza foronya.

Huku Mwanza hatuna majira ya joto ya kungoja. Tuna kiangazi: vumbi, majani yaliyokauka katikati ya mawe, na ikifika Septemba, kabla ya vuli kuanza, jua linakuja na hasira zote. Sketi zangu za kazini ni za kubana, na mchana zinaniganda kama karatasi ya pipi. Nikataka kitu cha kupitisha hewa. Nikataka solo, sketi inayokatwa kwa umbo la duara, tena solo kamili, ile ukigeuka inafunguka kama mwavuli.

Fundi ninaye, simtaji. Mkono wake mzuri sana, tatizo ni siku zake. "Njoo Ijumaa, dada," na hasemi Ijumaa ipi. Gauni la Pasaka nilikabidhiwa wakati watu wameshasahau pilau. Na cherehani ipo ndani, ile ya miguu ya mama, ambayo tangu nihamie Nyegezi imekuwa meza ya televisheni. Mama mwenyewe yupo hapa tangu Julai, kaja kutoka Kwimba kupumzika, na kila akipita pale anaiangalia ile televisheni kama mtu aliyekalia kiti cha mkwe. Siku moja nikaishusha. Hakusema kitu, akaenda kutafuta mafuta ya kulainishia.

Kitenge nilinunua mjini, karibu na Makoroboi, yadi 4. Kina ndege wa kanga, weusi wenye madoa, juu ya bluu. Mama akakishika, akauliza, "Sasa hiki ni kitenge au kanga?" Akajicheka mwenyewe hadi chakula cha usiku. Kisha akageuza ukingo kusoma maandishi, akanyamaza kidogo. "Zamani hapa tungesoma Mwatex." Kile kiwanda cha nguo cha Nyakato. Vitenge vyake vya harusi vilitoka pale, na yeye alikuwa binti wa watu wanaolima pamba. Alisema tu, "Tulikuwa tunavaa shamba letu," akarudi kwenye dagaa wake.

Usiku huo nikakiloweka kwenye beseni. Kitenge kipya cha pamba hunywea, na ukikata kabla hujakifua, sketi itanywea ukiwa umeshaizoea. Maji yalitoka ya bluu na utelezi wa ile dawa ya kukakamaza. Asubuhi nikaanika, nikapiga pasi, nikakikunja mara mbili kikawa tabaka nne mezani.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, ile pai ya 22/7 tuliyokuwa tunajiuliza itatusaidia nini maishani. Kiuno changu ni sentimita 78. Gawanya kwa 6.28, unapata 12.4: hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Mama akabana kamba kwa kidole gumba kwenye kona, mimi nikafunga chaki upande wa pili nikazungusha. Nilikumbuka hata kuacha sentimita moja na nusu ukingoni kwa ajili ya mishono ya pembeni. Nilijiona fundi kweli.

Halafu nikakumbuka mshono wa kiunoni. Nikaongeza sentimita 1. Nikakata.

Wanaojua wameshashika kichwa. Kwenye nguo nyingine mshono unaongeza, lakini tundu la solo unalipunguza, kwa sababu ukishashona, mstari wako unakuwa umesogea nje na tundu limekua. Nilitakiwa nichore 11.4, nikachora 13.4. Tofauti ni sentimita 2, upana wa kidole, ila ni 2 kuzunguka duara zima. Nilipojipima, kiuno kilikuwa kimenizidi kwa sentimita 12 na nusu. Ilidondoka mpaka miguuni bila kukwama popote.

Nilikaa chini kabisa. Kushona unaweza kufumua, mkasi ukishapita umepita. Nadhani hilo ndilo nililokuwa nalikimbia miaka yote kwa kumpelekea fundi: nilikuwa namlipa ashike mkasi, na kama kuna kukosea, akosee yeye. Mama akaokota sketi, akaizungusha mikononi mwake mara mbili. "Kitambaa kimepotea wapi? Si hiki hapa?" Akabana kwa vidole vinne nyuma, rinda, rinda, rinda, rinda, kila moja likala sentimita 3. Kiuno kiliposhonewa kwenye mkanda, ile nusu sentimita iliyobaki ikajificha yenyewe. Kwa mbele ni solo ya kawaida, kwa nyuma ina marinda ambayo leo mtu kaniambia ni mtindo.

Mkanda wa kiuno nilikata kwenye mabaki, nikaweka stifu ndani ili usimame, zipu upande wa kushoto. Zipu nilifumua mara tatu. Sina la kusimulia hapo.

Lakini ndege! Hakuna aliyenionya kuhusu ndege. Kwa kuwa solo yangu ni nusu duara mbili, mbele na nyuma kanga wamesimama vizuri, wanatembea kama wako shambani. Unavyokwenda pembeni wanaanza kulala. Ukifika kwenye mshono wa ubavuni wamelala kabisa, wa mbele na wa nyuma wametazamana, vichwa vimegongana mshono mzima kutoka kiunoni hadi chini. Mdogo wangu anasema wanagombana. Mama anasema wanasalimiana. Ningekuwa nimejua ningenunua kitenge cha maduara. Sasa nimeshawazoea, nisingewabadilisha.

Baada ya hapo ikaning'inia nyuma ya mlango siku mbili, haijapindwa. Kwenye duara kuna sehemu nyuzi zimesimama na sehemu zimekaa mshazari, na za mshazari hunyooka kwa uzito wao. Kweli, siku ya tatu chini kulikuwa na pembe nne zilizoshuka, sentimita moja na kitu kila moja. Nikapanda kwenye stuli, mdogo wangu akanizunguka na rula kutoka sakafuni, akitia alama za chaki na kulalamika magoti. Pindo lenyewe ni jembamba, sentimita 1 tu, maana ukikunja pana kwenye duara linajikusanya. Lina urefu wa karibu mita 4 na sentimita 70. Umeme ulikatika katikati ya mita ya pili na cherehani ya miguu haikuwa na habari. Niliendelea kwa mwanga wa simu, mama akihesabu sauti ya sindano kama mtu anayesikiliza mvua.

Leo mchana tumeshuka Mwaloni, soko la samaki la ziwani, kununua dagaa. Mama alinilazimisha nivae taiti ndani, nikanung'unika, kisha tulipofika karibu na maji nikanyamaza. Upepo wa ziwani mchana unaingia nchi kavu, na solo haihitaji kushawishiwa. Ilinyanyuka yote. Nikaishika mbele ikanyanyuka nyuma, nikashika nyuma na mfuko wa dagaa ukanipiga goti. Mama mmoja mwenye beseni la sato akasimama kunitazama.

"Binti, shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mama, samahani, upepo."

"Marahaba. Fundi wako yuko wapi?"

Mama yangu alikuwa amesimama pembeni, kimya, anaangalia mitumbwi.

"Yuko Nyegezi," nikasema. "Ila kwa sasa hapokei kazi."

Kwenye daladala ya kurudi mama kanifundisha dawa ya upepo: sarafu za shilingi hamsini, moja moja, zishonewe ndani ya pindo. Nane zinatosha, anasema. Nimepekua mikoba yote na droo ya jikoni, nimepata tano.