Ninaishi majini, lakini sisafiri

Jumapili, mwishoni mwa Oktoba. Hackney Wick, London.

Nimetoka kwenye kikao na kichwa kinaniwanga. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa karibu na mfereji: huku sisi wa botini, kule watu wa magorofa mapya, na katikati diwani mmoja aliyemaliza chai yake bila kutamka neno. Ajenda ilikuwa moshi wa majiko yetu. Ilipofika saa kumi na moja jioni ajenda imekuwa nani ana haki ya kuishi hapa, na moshi hakuna aliyeukumbuka.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: naishi kwenye boti nyembamba ya chuma. Upana wake haufiki futi 7, maana loki nyingi za mifereji ya Uingereza, yaani zile chemba zenye milango za kupandishia na kushushia boti, zilijengwa kwa kipimo hicho tangu karne ya 18, enzi boti zikivutwa na farasi na kubeba makaa ya mawe, udongo na vyombo vya kaure. Nikisimama sebuleni nikanyoosha mikono, nagusa kuta zote mbili. Omo, yaani mbele, kuna jiko la chuma la kuni na makaa, kisha kitanda, kisha choo, na tezi, yaani nyuma, kuna injini ya dizeli na usukani. Paani paneli za sola, ambazo kuanzia mwezi huu mpaka Machi ni mapambo tu. Maji najaza bombani, tangi likiisha limeisha. Choo ni cha kopo: likijaa unalichomoa, unalifunga kwenye kigari cha mizigo na kulikokota kando ya mfereji, ukiwapisha wakimbiaji na waendesha baiskeli waliovaa miwani ya bei mbaya, mpaka kwenye karo la kumwagia. Kazi hiyo naifanya alfajiri. Aibu ilishaisha zamani, ila foleni ya saa nne siitaki.

Boti yangu haina kituo, yaani mahali pake pa kudumu pa kuegesha. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Sheria ya British Waterways, shirika la umma lililosimamia mifereji wakati huo, ya mwaka 1995 inasema boti isiyo na kituo cha kudumu itapewa leseni mradi inatumika kwa nia njema katika kusafiri, na haikai mahali pamoja mfululizo zaidi ya siku 14, ila kama kuna sababu ya maana ya kukaa zaidi. Mzee mmoja Mwingereza ninayeegesha naye mara kwa mara, mtu wa botini tangu kabla ya sheria hiyo, hupenda kukumbusha kwamba muswada wa kwanza ulitaka kila boti iwe na kituo chake. Wakazi wa botini wakaenda bungeni kutoa ushahidi, wakaeleza kwamba wengine maisha yao ni kwenda, na kifungu kikaingizwa kwa ajili yao. Kwa Mzee kile kifungu ni urithi. Anapokiona kinatumiwa na watu kama mimi, waliokimbia kodi ya nyumba, huwa anakohoa kidogo na kubadili mazungumzo. Ni muungwana. Lakini ujumbe huwa umefika.

Tatizo ni kwamba sheria haisemi "mahali" ni wapi. Ni daraja? Ni mtaa? Ni mji? Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyokabidhiwa mifereji na mito hiyo mwaka 2012, maili kama 2,000 za England na Wales, inasema uhame kutoka eneo moja kwenda jingine, na kwamba mtu ambaye mwaka mzima hakuvuka masafa ya maili 15 hadi 20 itakuwa vigumu kuwaridhisha. Mwaka 2011 mahakama ya Bristol iliamua kesi ya mtu aliyekuwa akienda na kurudi kwenye kipande kifupi cha mfereji wa Kennet and Avon, akihama vizuri tu kila baada ya wiki mbili. Hakimu akasema hiyo si safari, huyo anaishi hapo. Ukishindwa kuwaridhisha, leseni hukatwa iwe ya miezi sita, kisha inakataliwa, na mwisho wa njia hiyo wana uwezo wa kuitoa boti majini. Boti yenyewe ndiyo nyumba, kwa hiyo tafsiri yake mnaijua.

Sasa safari yangu ya kesho ni hii: kutoka hapa, kuingia mfereji wa Hertford Union, kupanda loki tatu, mpaka ubavuni mwa Victoria Park. Maili moja na kitu. Kwa miguu ni matembezi ya kuteremsha chakula. Kwa boti ya mtu mmoja ni asubuhi nzima, na nimepanga siku yangu ya mapumziko kwa ajili yake, maana zamu zangu za usiku hospitalini hazijui habari za siku 14.

Loki ukiwa peke yako ni shughuli. Unaingia na boti kwenye chemba tupu, kuta nyeusi zinateleza ukungu pande zote, unapanda ngazi ya chuma iliyochongwa ukutani huku kamba ukiing'ata kwa meno kwa sababu mikono miwili haitoshi. Juu unaizungusha kamba kwenye nguzo, unafunga milango ya nyuma kwa kuisukuma boriti kwa makalio, ndiyo, makalio, mikono haina nguvu hiyo. Kisha unakwenda mbele na mkono wa chuma wa kuzungushia, unafungua vizibo vya chini ya maji robo tu. Robo. Ukifungua vyote kwa pupa maji yanabubujika kama wali uliozidiwa moto, boti inarushwa mbele, na omo ikinasa chini ya mbao za mlango, maji yataendelea kupanda na boti haitapanda nayo. Kwa hiyo unasimama na kamba mkononi, unailegeza na kuivuta, ukingojea. Milango haifunguki mpaka maji ya pande zote yalingane, hata uje na wanaume kumi. Halafu unarudia, mara mbili zaidi, na kwenye daraja kuna mtalii anakupiga picha.

Mama kanipigia nikiwa natoka kikaoni. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hajauliza hali akauliza, "Bado uko majini?" Nikamwambia bado. "Na hapo ulipofunga, kiwanja unamlipa nani?" Nikaeleza leseni, inazidi pauni 1,000 kwa mwaka kwa boti ya kawaida, nikaeleza bima, nikaeleza cheti cha usalama kila baada ya miaka minne, nikaeleza siku 14. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mama yangu ni wa Pangani, baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, kwa hiyo habari za chombo humdanganyi. "Sasa mwanangu," akasema, "babu yako alilala chomboni akiwa safarini. Akirudi Pangani alilala kwake. Wewe unakwenda wapi?"

Simwambii mtu wa kikao kwamba swali hilo limenishinda, lakini hapa kwangu naweza kusema. Siendi popote. Nazunguka kazi yangu. Kiangazi nitapanda mto Lea mpaka Broxbourne, pengine Hertford, baridi ikianza nateremka, nashika mfereji wa Regent, napita tanuri la giza la handaki la Islington, mita 878, kuelekea Paddington, halafu narudi. Kwa mwaka masafa yanatosha. Nafuata sheria neno kwa neno. Lakini nia? Nia yangu ni kuwa na mlango ninaoufunga mwenyewe, katika mji ambao chumba chenye ukungu ukutani, choo cha kugawana na watu sita, kilikuwa kinakula zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Boti iliyotumika ni sehemu ndogo ya bei ya fleti. Sikuipenda mifereji kwanza. Niliipenda baadaye, na siyo siku zote.

Na siko peke yangu. Idadi ya boti zisizo na kituo London imeongezeka zaidi ya maradufu tangu 2010, na ukienda bombani kuchota maji utakuta muuguzi, fundi umeme, mwalimu msaidizi, kijana anayepeleka chakula kwa baiskeli. Wapo na wapenda maji wa kweli, na wastaafu wanaozunguka nchi nzima mpaka Birmingham na Leeds, ambao kwao kifungu kile kinakaa sawasawa. Lakini hapa mashariki mwa London tusidanganyane.

Kikaoni mwenzetu mmoja alisimama akasema kwa sauti kubwa, "Sisi ni wasafiri!" Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Yule bwana wa gorofani, ambaye moshi wa majiko yetu unaingia chumba cha mtoto wake mwenye pumu, akajibu taratibu: "Kama ni wasafiri, mbona nawaona kila wiki?" Ukumbi ukachafuka. Ukweli ni kwamba yule bwana alikuwa na hoja mbili, na zote mbili zilistahili jibu. Ya moshi ina dawa: tangu sheria ya mazingira ya 2021, halmashauri inaweza kuziingiza boti zilizoegeshwa katika maeneo ya kudhibiti moshi, na Islington wameweka nguzo za umeme, zile fupi za kuchomekea waya wa boti, kwenye kipande chao ili watu wapashe moto bila kuchoma makaa. Ukitaka nisichome, nipe waya. Injini tayari haturuhusiwi kuziwasha kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, na wengi tunaheshimu. Hoja ya pili ndiyo iliyotukwama kooni.

Kinachoendelea sasa ni kwamba maegesho yanapangwa kwa bei, na bei haina haja ya kumfukuza mtu kwa barua. Tangu Aprili 2024 boti zisizo na kituo zinalipa nyongeza juu ya leseni ya kawaida, ilianza asilimia 5 na itapanda kila mwaka mpaka asilimia 25 mwaka 2028. Sehemu nzuri za katikati ya jiji, zilizokuwa za bure kwa siku chache, moja baada ya nyingine zimekuwa za kuweka nafasi na kulipia kwa usiku. Kwenye mto Lea, mwaka 2021, ikaja mipango ya maeneo ya usalama wa maji, ili vilabu vya makasia vipate nafasi ya kupita, na maegesho ya mamia ya boti yakawa hatarini. Chama cha wakazi wa botini, National Bargee Travellers Association, kikaandamana. Wapiga makasia nao si wachawi; mtumbwi wa watu wanane ukija kasi kwenye kona na boti zimepangwa mbili mbili, kuna siku mtu ataumia.

Taasisi ya mifereji nayo inalia njaa. Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba ruzuku ya miaka kumi kuanzia 2027 itakuwa pauni milioni 401, na thamani yake halisi iko chini sana ya wanachopata leo. Mabwawa ya karne mbili, kingo zinazobomoka, milango ya loki ya mbao inayooza. Fedha itoke wapi? Inatoka kwetu, kwa kuwa sisi ndio tunaoonekana. Hilo nalielewa na bado linaniuma: muuguzi asiye na kituo analipa leseni kubwa kuliko mwenye kituo, na sababu ya kutokuwa na kituo ni kwamba London havipo, au vipo kwa maelfu ya pauni kwa mwaka, vingi bila ruhusa ya mtu kuishi humo. Na hata ukikipata, mmiliki wa kituo akitaka uondoke huna kinga aliyonayo mpangaji wa nyumba.

Ndiyo maana nimechoka na ile "sisi ni wasafiri". Inatupa kesi tutakayoshindwa. Kifungu cha 1995 kilitungwa kwa watu kama yule Mzee, na kila tunapojibana ndani yake tunampunguzia nafasi yeye, kwa sababu wanapobana tafsiri ili watukamate sisi, yeye naye amo wavuni. Tuseme wazi kwamba wengi wetu tunaishi hapa, tunafanya kazi hapa, na tunahitaji mahali pa kukaa. Hapo anayetakiwa kujibu si mtunza mifereji peke yake. Ni halmashauri. Sheria ya nyumba na mipango ya mwaka 2016, kifungu cha 124, inazitaka halmashauri za England zinapoangalia mahitaji ya makazi zizingatie na mahitaji ya watu wa sehemu za kuegesha boti za kuishi. Diwani alikuwa amekaa pale pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama tumehesabiwa. Tulikuwa tunabishana na baba wa mtoto mwenye pumu.

Mzee hatapenda nikisema haya. Nilimdokezea tukiwa tunarudi, akasema, "Ukiomba wakupe makazi, watakupa masharti ya makazi." Kodi ya halmashauri, ukaguzi, foleni, labda marufuku ya kuhama. Inawezekana. Sina jibu zuri la kumpa, isipokuwa kwamba masharti tayari ninayo na makazi sina.

Barua kwa diwani nimeianza. Nimeomba mambo matatu tu: hesabu ya boti zinazokaliwa katika eneo lake, nguzo za umeme, na vituo vya bei ambayo mfanyakazi wa zamu anaweza kulipa. Nimeiandika mimi kwa jina langu, sijasubiri chama. Nitaituma kesho nikishafunga kamba Victoria Park. Palipoandikwa anwani ya mtumaji nitaweka ya rafiki yangu wa Leyton, kama kawaida. Kabati lake la viatu ndilo sanduku langu la posta, na mumewe ameanza kuuliza kwa nini barua za benki za mtu wa tatu zinafika kwake.