Shaba: kumbukumbu ya kulea mbwa mwenye woga

Mwezi wa nane

Nimempokea jike mmoja mkubwa mwenye rangi ya shaba, nimlee mpaka apate wa kumchukua, na jina likaja lenyewe. Amekuwa akiishi chini ya lori bovu kwenye gereji moja upande wa barabara ya Kipushi, hapa Lubumbashi, akila mabaki ya bukari, yaani ugali, ambayo mafundi walimrushia. Chuchu zake zinaonyesha amewahi kunyonyesha. Watoto wake hakuna aliyejua walikoishia. Mafundi walinionya kwamba ni mkali. Daktari wa mifugo niliyekwenda naye, kijana aliyesomea hapa hapa kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alimtazama kimya kwa muda kisha akanionyesha: anabweka huku akirudi nyuma, mkia umebanwa tumboni, masikio yamelala kichwani. Mbwa mkali husonga mbele. Huyu alikuwa anaomba aachiwe nafasi.

Naliandika hili mwanzoni kwa sababu hapa kwetu watu wengi hufuga mbwa ili alinde lupango, yaani kiwanja cha nyumba, na mbwa mwoga anayebweka bila kukoma huonekana mlinzi hodari. Sivyo. Mlinzi mzuri anamjua wa nyumbani na anamjua mgeni, na mwenye lupango akisema basi, anatulia. Mwoga humbwekea kila mtu, na siku akibanwa mahali pasipo pa kukimbilia, humuuma yeyote aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto. Kwa hiyo simlei Shaba ili ampende kila mtu. Nataka afike mahali ambapo anaweza kushtuka, kisha akatulia mwenyewe.

Nimempa jiko la zamani lililo nyuma ya nyumba. Mlango wake unafungukia kiuwanja kidogo kilichozungushiwa mabati, na ndani kuna meza iliyofunikwa blanketi hadi chini. Amejichagulia pale mvunguni, na hakuna anayeruhusiwa kumtoa kwa mkono. Geti ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: mbwa mwoga akichomoka siku za kwanza harudi, kwa kuwa bado hajui kama hapa ni kwao. Kila anayeingia, hata muuza makala (mkaa), anagonga na kusubiri mpaka nihakikishe kiuwanja kimefungwa.

Daktari amemdunga sindano ya kichaa cha mbwa, amempa dawa ya minyoo na ya kupe. Kwenye sindano hiyo sina mjadala na mtu. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, hadi 99 kati ya 100, hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza ugonjwa huo huua karibu kila mara. Nimewaambia ba jirani pia: mbwa yeyote akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Mwezi wa tisa

Kazi yenyewe kwa sasa ni kukaa. Naingia, nakaa sakafuni nikiwa nimempa ubavu, simtazami machoni, nasoma au nachambua maharagwe. Nikiwa hapo namrushia vipande vya ini la ng'ombe lililochemshwa. Mwanzo alikuwa hali mpaka nimetoka. Kisha akawa anakula nikiwapo, lakini akinyoosha shingo tu huku miguu ya nyuma imebaki mvunguni, tayari kurudi.

Hapo watu wengi huharakisha: wanashika nyama mkononi ili mbwa aifuate. Njaa inamleta, lakini akishaimeza nyama anajikuta karibu na mtu kuliko alivyotaka, na anashtuka upya. Mimi nafanya kinyume. Akinisogelea, narusha kipande nyuma yake ili aende mbali kukifuata. Anakula, anapumua, anageuka, anaamua mwenyewe kama atarudi. Ukimwachia njia ya kuondoka, kurudi kwake kunakuwa kwa hiari, na hiari hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Nimejifunza kuusoma uso wake. Akilamba pua haraka haraka wakati hakuna chakula, amechoka na mimi. Akipiga miayo mchana kweupe, si usingizi. Weupe wa jicho ukionekana pembeni wakati kichwa hakijageuka, nasimama pale pale. Kinachonitisha kuliko yote ni ule ukimya wa mwili mzima, mdomo umefungwa, pumzi kama imezuiliwa. Mbwa akiganda hivyo hajakubali kitu. Hana tena pa kwenda. Watu humshika wakati huo na kusema "ona, ametulia."

Shule zimefunguliwa. Watoto wanapita ukutani asubuhi na kugonga mabati kwa vijiti. Nimetoka kuzungumza nao. Mmoja akaniuliza, "Yaya, ile imbwa inalumaka?" yaani, dada, mbwa huyo huuma? Nikamwambia eko na woga tu, na kwamba kelele za vijiti ndizo zinazomuumiza. Tangu hapo huyo mtoto ndiye anayewakataza wenzake.

Chakula chake: bukari kidogo, kapenta (dagaa), mboga kidogo. Simpi kitu kilichopikwa na vitunguu, maana vinaharibu damu ya mbwa, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika kwa ncha kali.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja

Maembe. Sikuwa nimeyafikiria. Mti wa jirani umeinamia paa la jiko, na embe likianguka juu ya mabati usiku ni kama bunduki imelia. Nimepanda kupunguza matawi, jirani ameniruhusu. Maembe mengine bado yanadondoka. La kwanza lilimfanya Shaba ajisaidie pale pale alipolala. Siku hizi anaruka, anatazama juu, kisha anarudisha kidevu juu ya miguu. Namhesabia muda kati ya kushtuka na kutulia, na muda huo unapungua.

Kisha mvua zikaja, pamoja na radi. Umeme ukikatika, jenereta za majirani huwaka karibu zote kwa pamoja, na kwake hiyo ni kelele juu ya kelele. Siku ya namna hiyo simfundishi lolote. Nafunga dirisha kwa blanketi, nawasha redio ya betri kwa sauti ya wastani, nakaa naye. Mama jirani aliniambia nisimbembeleze, eti nitamzoesha woga. Nilimjibu kwa heshima kwamba woga hauongezeki kwa faraja. Anayeogopa anahitaji mahali salama, na kama mahali hapo ni pajani pangu, basi ni pajani pangu. Usiku mmoja wa radi alitoka mvunguni akaja kuegemeza ubavu wake kwenye goti langu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Sikumgusa mpaka aliposukuma kichwa chini ya mkono wangu.

Mwezi wa kumi na mbili

Fundi cherehani wa mtaani ameshona mkanda wa kifua kutoka kwenye mkanda wa kufungia mizigo ya lori, akaweka kitambaa laini upande wa ndani. Kamba mbili, moja kwenye mkanda wa kifua na moja kwenye kola, ili akipenya kwenye kimoja abaki kwenye kingine. Alianza kuuvaa ndani, wakati wa kula tu.

Tumetoka barabarani alfajiri, kabla baiskeli za makala hazijajaa. Mwendo wetu wa kwanza ulifika kwenye nguzo ya jirani na kurudi. Sasa tunazunguka mtaa wote. Akiona mtu anatujia, tunavuka upande wa pili mapema, bila kumvuta. Usiku wa Mwaka Mpya tulifunga milango saa kumi na mbili jioni, na fataki zilipoanza alikuwa ameshiba na kulala ndani pamoja nami.

Ameshafanyiwa upasuaji wa kutozaa tena. Mshono umepona vizuri. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na mimba ni siku 63 hivi. Sitaki watoto wake waishie chini ya lori lingine.

Mwezi wa kwanza

Wanaomtaka wameanza kuja. Tata mmoja, baba wa makamo, mwenye depo ya unga alimsikia akibweka getini, akafurahi sana. Alikuwa na mnyororo tayari ndani ya gari. Nilimkaribisha kiti, nikamweleza kwamba mnyororo ungempokonya Shaba kile kitu kimoja kinachomtuliza, yaani uwezo wa kujitenga, na kwamba depo yenye wapagazi wanaoingia na kutoka siku nzima ingemfanya aume mtu. Akasema, "Lakini si ndiyo tunataka, aume mwizi?" Nikamjibu: hataweza kumtofautisha mwizi na mpagazi wako. Alinielewa, nadhani. Tuliagana vizuri.

Familia ya pili ilikuwa ya watu wapole kweli, nami niliumia kuwakatalia. Wanaishi Kamalondo, karibu na uwanja wa mpira wa TP Mazembe. Siku ya mechi, bao likiingia, mtaa mzima unalipuka kwa shangwe. Mbwa mwingine angezoea. Kwa Shaba, bado.

Mwezi wa pili

Tumempata mwenyeji. Ni mama mwalimu aliyestaafu na mume wake, lupango lao liko komini ya Annexe, lina ukuta mzima, hawana watoto wadogo, na wana dume mzee mtulivu. Huyo mzee ndiye aliyenishawishi kuliko wenyewe. Walipomleta hapa, Shaba alimnusa kwa muda mrefu, kisha akamfuata hadi miguuni pa mama na kulala umbali wa mkono mmoja. Mbwa mwoga humwamini mbwa mwenzake kwanza, na kupitia kwake humwamini mtu.

Wamekuja mara nyingi kabla ya kumchukua, na kila mara mama amekaa sakafuni kama nilivyomwonyesha, nyama mfukoni, macho pembeni. Nimewaandikia: blanketi lake lisifuliwe wiki za kwanza, maana harufu yake inamtuliza, geti lao liwe na masharti yale yale ya hapa, wageni wasimwinamie, sindano ya kichaa irudiwe mwezi wa nane. Mume aliuliza kama atakuja kubweka mwizi akiruka ukuta. Atabweka, nilimwambia, na sasa ukimwita jina atakuja.

Jumamosi wanamchukua, mimi naenda nao na kulala huko usiku wa kwanza. Jiko nitalipiga dawa ya kupe na kuliacha wazi mpaka daktari atakapopiga simu tena.