Kitanda, meza, kiti na taa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii ukoo wetu umekaa kikao cha kujengea kaburi la mama. Michango imepangwa, fundi wa vigae amepatikana, nami naunga mkono kwa moyo wote. Ila tangu kikao kile rohoni nina mzigo, na kila nikifungua Biblia najikuta 2 Wafalme 4, kwa yule mama Mshunami.

Habari yake mnaijua. Alimwambia mumewe wamfanyizie nabii Elisha chumba kidogo ukutani, wamwekee kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Tukihubiri hapo huwa tunakimbilia mtoto aliyezaliwa, akafa, akafufuliwa. Mimi nimekwama kwenye vile vitu vinne. Aliyevipanga alikuwa amemtazama mgeni wake: huyu amechoka na njia, apate pa kulala, akiamka usiku asipapase gizani.

Miaka yake ya mwisho mama alikaa Morogoro kwa dada yangu, kwenye nyumba ya kupanga. Chumba alichopewa kilikuwa stoo. Dada alitoa magunia ya mkaa, akapiga chokaa, akamwita fundi apunguze miguu ya kitanda kwa sababu magoti ya mama yalikuwa yamekataa kupanda. Kitanda akakisogeza dirishani ili mama, hata akiwa amelala, aone uani nani anapiga hodi. Chupa ya chai ilikaa mkono unapofika. Kanga zake zilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, asihangaike kuinamia sanduku. Nikipiga simu mama alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mimi hapa niko kwangu." Nasema mbele za Mungu, hakuna kigae kitakachompa mama heshima kuliko ile stoo.

Wapendwa, niseme kwa upendo, lakini niseme. Wako mama zetu wanaolala kwenye kochi, wanasinzia wakisubiri tumalize kutazama televisheni ndipo watandikiwe. Wako wanaozungushwa kwa watoto, huku mwezi, kule mwezi, na begi halijawahi kufunguliwa lote. Hao hao siku ya kuaga tutawashonea sare na kukodi matarumbeta! Katika Marko 7 Bwana aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, wasipate kumsaidia baba wala mama. Tusijifiche nyuma ya ahadi za ujenzi wa kanisa. Sulemani, na ufalme wake wote, aliondoka kitini akamwinamia mama yake, akamwekea kiti mkono wake wa kuume. Na Bwana wetu, misumari ikiwa mikononi, alihakikisha mama yake ana pa kwenda. Yohana akamchukua nyumbani kwake tangu saa ile.

Kama mama yako yu hai, usingoje nyumba kubwa. Muulize: blanketi linatosha? Usiku chooni anafikaje? Kama hataki kuja mjini, mfuate hukohuko kijijini, ziba bati linalovuja, mfungie taa ya sola.

Nawakumbuka pia dada zetu wanaowauguza mama wakwe. Mungu awatie nguvu. Nanyi waume wenzangu, huyo ni mama yako wewe. Usiku akiita, amka wewe, mkeo alale.